Acha kulala kwenye gari, ndege wanakupita!

Kabla hujaniuliza habari za bahari na magofu ya Kaole, nikuweke sawa msomaji wangu. Bagamoyo ninayoishi mimi siyo ile ya pwani. Hii ni Bagamoyo ya Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako bahari yetu ni ukungu, na badala ya nazi tuna ndizi, chai na parachichi. Mvua huku ndiyo usiseme, ukisahau mwavuli imekula kwako.

Sasa kutoka huku kwetu mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 900. Siku nzima uko kwenye kiti. Na watu wakishakaa kwenye kiti wanafanyaje? Wanauchapa usingizi mdomo wazi mpaka begani kwa jirani. Wengine wanabonyeza simu mpaka chaji inakata kabla ya Makambako. Wengine wanakodolea ile video ya kwenye basi ambayo wameshaiona mara kumi, na bado wanacheka palepale.

Mimi leo nakuletea starehe nyingine, tena ya bure: kuangalia ndege kupitia dirisha la gari. Usicheke kwanza! Najua utasema hayo ni mambo ya wazungu wenye kofia pana na darubini shingoni. Hata mimi washkaji zangu wa kijiweni wameshanibatiza jina la "Bwana Ndege". Poa tu. Lakini nchi yetu ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na wengi wanakaa kando ya lami hii hii tunayopita kila siku tumefumba macho. Mzungu analipa nauli ya ndege ya chuma aje kuwaona ndege wa manyoya, sisi tunawapita bure tukikoroma. Nani mshamba hapo?

DIRISHA NI LA ABIRIA, SI LA DEREVA

Safari ninayokusimulia niliifanya mwezi Februari, ndani ya Fuso la mjomba wangu lililosheheni viazi mviringo. Mjomba ameendesha njia hii miaka mingi, anaijua kona kwa kona. Utingo wake alikaa katikati akalala tangu Kiwira, dirisha likawa langu peke yangu. Na Fuso, ndugu yangu, lina raha yake: unakaa juu, na kwenye mlima linapanda pole pole kama bibi harusi. Ndege akitua kwenye waya wa umeme unamwona mpaka rangi ya macho.

Sheria ya kwanza aliyoitoa mjomba ilikuwa fupi. "Anko, wewe angalia ndege, mimi niangalie barabara. Ukiniambia 'tazama kule', nakushusha." Alikuwa hatanii. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula zaidi ya mita 20 kila sekunde moja. Dereva akigeuza shingo sekunde tatu tu, ameshatembea mita 60 na zaidi bila macho. Kwa hiyo kama wewe ndiye unayeshika usukani, starehe hii siyo yako mpaka upaki mahali salama. Tumeelewana?

Sheria ya pili ni yangu mwenyewe: daftari na kalamu. Ndege haji na kadi ya utambulisho. Andika umbo lake, rangi, mkia, mdomo, alikuwa wapi na anafanya nini. Kumpima ukubwa ni rahisi: mlinganishe na shomoro, njiwa au kunguru. Sheria ya tatu ni ya kiti. Ukienda Dar kutoka huku, kaa upande wa kushoto. Majani ya kando ya barabara yako karibu na wewe, na bonde lote la Usangu linafunguka upande huo.

KUNGURU WATATU, MIKOA TOFAUTI

Ukitaka kuanza bila kuumiza kichwa, anza na kunguru. Kila mtu anasema anamjua. Sawa, wa aina gani?

Huku kwetu milimani, Rungwe na Mbeya, kuna kunguru mkubwa mweusi mwenye mdomo mnene na baka jeupe kisogoni kama ametia kitambaa. Ukishuka kwenda nchi kavu, kuanzia Igurusi mpaka Iringa na kuendelea, unakutana sana na yule mwenye kifua cheupe, kama ndugu aliyevaa fulana nyeupe ndani ya koti jeusi. Na ukikaribia Dar, anakupokea mwembamba mwenye shingo ya kijivu na kelele za sokoni. Huyo wa tatu siyo mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, eti aje kusafisha taka. Akasafisha kweli, kisha akahamia kwenye mayai na vifaranga vya ndege wenyeji, akavuka bahari, na sasa anaifuata barabara kwenda bara. Anayekula taka zetu ndiye tunayemlisha. Jalala likikua, ukoo wake unakua.

Kwa hiyo hata ukishtuka usingizini hujui uko wapi, mtazame kunguru. Atakuambia.

MLIMA UNAOFICHA MAMBO

Kutoka Tukuyu kwenda Uyole barabara inapita kando ya Mlima Rungwe, wenye kimo kinachokaribia mita 3,000. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, halafu ghafla kitu cha kijani kikakatiza barabara, kikafungua mabawa: nyekundu ya damu! Huyo ndiye kulukulu. Wekundu wake siyo wa mchezo, rangi hiyo ina madini ya shaba ndani yake. Nilipiga kelele mpaka utingo akaamka, akauliza kama tumepata pancha.

Usidhani kila kilichomo kwenye msitu ule kimeshaandikwa kwenye vitabu. Kima anayeitwa kipunji alikuja kugunduliwa na watafiti hapo Rungwe mwaka 2003, dunia ikatangaziwa mwaka 2005. Kima mzima mwenye mkia mrefu! Lakini wawindaji wa kwetu walikuwa wanamjua zamani. Jambo hilo linanifundisha kitu kimoja: mwenyeji anaona, ila haandiki. Anayeandika ndiye anayeitwa mgunduzi.

Mbele kidogo, karibu na Isyonje inakochepuka njia ya kwenda Kitulo, majani yakawa yanachezewa na ndege weusi wenye mikia mirefu kupita miili yao. Madume hayo. Majike wamevaa kahawia ya kawaida, wanatazama tu. Mwaka 1982 mwanasayansi wa Sweden, Malte Andersson, alitoa matokeo ya jaribio alilofanya Kenya kwa ndege wa ukoo huo. Aliwakata mikia baadhi ya madume, akawagundishia wengine vipande kwa gundi ili mikia irefuke. Matokeo? Waliorefushiwa mikia ndio waliopata wake wengi zaidi. Wanawake, msibishe. Wanaume, msikimbilie saluni.

Kitulo kwenyewe gari letu halikupanda, lakini ukipata nafasi nenda. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, maarufu kwa maua, na mbayuwayu wa buluu huja kuzaa huko wakati wa mvua. Ni ndege adimu duniani kote, na huku kwetu yupo.

MGENI MWENYE MSHALE SHINGONI

Ukishapita Igurusi na Chimala, kushoto kwako ni mashamba ya mpunga mpaka macho yachoke. Hapo Fuso likasimama mjomba anunue maji, na mimi nikawa nimefika peponi. Yangeyange walikuwa wamejipanga nyuma ya ng'ombe, wanakula panzi wanaoruka. Hawa watu wana vituko: mwishoni mwa karne ya 19 baadhi yao walivuka bahari ya Atlantiki wenyewe kutoka Afrika wakaanzisha ukoo huko Amerika, bila pasi wala viza.

Katikati yao walisimama korongo weupe, miguu myekundu, mabawa yamepakwa weusi pembeni. Hao ni wageni kutoka Ulaya. Baridi ikianza kwao wanakuja kwetu, na kuanzia mwezi wa tatu wanarudi kuzaa. Zamani Wazungu hawakujua ndege wao wanaenda wapi. Wengine walisema wanalala chini ya maji, wengine wakasema wanageuka panya! Mpaka mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz nchini Ujerumani, akapatikana korongo amechomwa shingoni na mshale wa Kiafrika wenye urefu wa sentimita 75. Alikuwa ameruka nao kutoka huku mpaka kule. Hapo ndipo wakaelewa. Korongo yule amekaushwa na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock. Kumbe aliyewajibu maprofesa swali lao alikuwa mwindaji wa Kiafrika aliyekosa kitoweo.

Ndege wa mpunga siyo wote wanaopendwa. Mpunga ukianza kukomaa, watoto wanashinda shambani wakiamia ndege, na adui namba moja ni kwelea kwelea. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Ukisikia gramu 10 unacheka. Lakini wakija milioni moja ni tani 10 kwa siku, na wao kuja milioni siyo ajabu. Mkulima wa Usangu ukimwambia habari za uzuri wa ndege, chagua maneno.

Lakini hapohapo, kwenye kipande cha majimaji ambacho bado hakijalimwa, niliwaona wawili waliofanya nisahau hata maji yangu ya kunywa. Ni korongo wenye taji, yale manyoya ya dhahabu kichwani, wale wa kwenye bendera ya Uganda. Walikuwa wanatembea pamoja taratibu kama wamevaa nguo za sherehe. Tangu mwaka 2012 ndege huyu ameorodheshwa duniani kuwa yuko hatarini kutoweka. Sababu kubwa ni mabonde yenye majimaji kukaushwa na kulimwa, na watu kuwakamata wakauzwa wafugwe. Anataga chini, kwenye majani ya bondeni. Bonde likiisha, hana chumba kingine cha kupanga.

Hapo nikakumbuka kwetu Rungwe. Nani kati yetu hajalima bondeni wakati wa kiangazi? Mboga zinatoka huko, ada ya shule inatoka huko. Simwambii mtu aache kulima afe njaa. Nasema tu kipande kimoja cha chemchemi kikiachwa na majani yake, maji yanabaki, na yule mwenye taji anabaki.

MISONOBARI KIMYA

Kutoka Makambako mpaka Mafinga juu ya nguzo za umeme kulikuwa na kipanga mwenye kifua cheupe na mkia mwekundu kama kutu, nguzo hii yupo, ya tatu yupo mwenzake. Wanasubiri panya. Mkulima wa mahindi, huyo ni mlinzi wako asiyedai mshahara.

Lakini tulipoingia kwenye misonobari ya Sao Hill, kalamu ikapumzika. Miti ni mingi ile mbaya, imepangwa kama wanafunzi wa paredi, ila ndege wachache. Mti wa aina moja ni kama hoteli yenye chakula kimoja. Mbao tunazihitaji, sikatai, lakini usimwambie mtu kwamba kila penye miti pana msitu.

MUME ANAYEPELEKA CHAKULA DIRISHANI

Tulilala Ipogolo, Iringa. Asubuhi tukashuka Kitonga huku mjomba akiwa kimya kabisa, maana pale hakuna utani. Chini yake, baada ya Ruaha Mbuyuni, unaingia kwenye bonde la mibuyu. Hapa ndipo makao ya hondohondo, yule mwenye mdomo mkubwa kama ameazima.

Ndoa ya hondohondo nakushauri uijue. Jike akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti, kisha mlango unazibwa kwa udongo mpaka inabaki nafasi ndogo ya kupitisha mdomo. Humo ndani anaatamia mayai, na dume anabeba chakula kutwa kucha, anampitishia dirishani. Dume akifa au akizembea, nyumba nzima iko mashakani. Dada zangu, mkipata mtu wa namna hiyo msimwachie. Na ninyi wakata mibuyu na miti mikubwa yenye matundu, mjue mmebomoa nyumba ya mtu.

Kulia kwako hapo ni milima ya Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini katika milima hiyo waliona miguu miwili ya ajabu ndani ya sufuria ya mchuzi. Siyo ya kuku, siyo ya kanga. Kumbe ni kwale wa msituni asiyejulikana na sayansi, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia! Mwaka 1994 akapewa jina rasmi. Unaona tena mambo yale yale ya kipunji? Mpishi alishamjua, tena kwa ladha.

MIKUMI NA TAI WALIOPUNGUA

Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50. Hairuhusiwi kushuka, na kutupa maganda ni kesi. Hapa macho yako yafanye kazi kweli. Nilimwona yule ndege mwenye kifua cha zambarau na mabawa ya buluu, amekaa kwenye kichaka kama pambo la dukani. Nikawaona mumbi watatu, weusi wakubwa, wanatembea kwa miguu kama wazee wanaotoka kwenye kikao. Juu angani alikuwepo kipungu, ambaye mkia wake ni mfupi mpaka unadhani ameusahau nyumbani.

Nilikuwa nawatafuta hasa tumbusi, wale tai wa mizoga wenye shingo ndefu. Mjomba akaniambia zamani mnyama akigongwa na gari, miti ya karibu inajaa hao kabla damu haijakauka. Siku ile, kilomita zote 50, nilihesabu wanne.

Wanne wa siku moja hawathibitishi kitu, nakubali. Lakini tumbusi mwenye mgongo mweupe, aliyekuwa wa kawaida kuliko wote Afrika, mwaka 2015 aliwekwa kwenye daraja la mwisho kabisa la hatari kabla ya kutoweka porini. Anakufa kwa sumu. Mfugaji anatia sumu kwenye mzoga amuue simba aliyemla ng'ombe, tumbusi mia wanakuja kula. Jangili naye anawachukia kwa sababu wakizunguka angani askari wanajua pana mzoga. Na wapo wanaouza vichwa vyao kwa imani za kishirikina, eti uote namba za bahati. Kama vingeotesha namba, tumbusi wenyewe si wangekuwa matajiri?

Usiseme "wafe tu, wanakula mizoga". Huko India miaka ya 1990 tumbusi walianza kufa kwa wingi. Baadaye ikajulikana kwamba walikuwa wanakula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa hii hii ya maumivu tunayoijua. Zaidi ya asilimia 95 ya baadhi ya aina walitoweka. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikapata njia. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini tumbusi anataga yai moja tu kwa mwaka. Kuua ni siku moja, kurudisha ni miaka.

SASA NA WEWE

Morogoro tulipita jua likiwa linaelekea kuzama, milima ya Uluguru imevaa wingu. Humo kuna ndege wawili, chozi mmoja na mbwigu mmoja wa msituni, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Tukaingia Dar usiku, kunguru wa India wameshalala. Daftari langu lilikuwa na aina 38. Majina nilikuwa nayajua 17 tu, waliobaki nikawatafuta taratibu kwenye simu. Kuna programu za bure kama Merlin na eBird za Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Unaeleza ulichoona, inakupa majina ya kubahatisha, na ulichoandika kinaingia kwenye hesabu ya dunia.

Na hesabu hiyo ndiyo ninayoililia. Njia hii inapitwa na mabasi, malori na magari madogo kila siku, maelfu ya macho. Kama kila siku angekuwepo mmoja tu anayeandika "Igurusi, korongo wenye taji wawili", siku wasipokuwepo tungejua ni lini walitoweka na tungeuliza kwa nini. Bila hivyo bonde litakaushwa, taji litaondoka, na watoto wetu watalionea kwenye bendera ya jirani.

Wenye kutaka kufanya ulaji pia nafasi ipo. Mgeni anayependa ndege hulipa mtu anayejua aliko ndege. Anza kujifunza wa mtaani kwenu kabla hujafikiria chuo.

Kwa hiyo safari ijayo, kata tiketi ya dirishani upande wa kushoto, beba kalamu, na huyo jirani anayekulalia begani mwamshe kwa adabu: "Samahani dada, tumbusi huyo." Akikasirika, mwambie umetumwa na Bwana Ndege wa Bagamoyo. Ile ya Tukuyu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.